LEO ya Jana: Kompyuta Iliyozaliwa Kwenye Chai

Salamu kutoka Kericho, ambako saa nane za mchana zikifika mvua haimwombi mtu ruhusa. Nimekuwa kimya kwa muda. Kazi zilinizidi, ndiyo, lakini pia kuna kosa nililolifanya kazini ambalo lilinitoa hamu ya kuandika. Leo nitalisema. Ila kabla ya kufika huko naomba tusafiri kidogo hadi London ya mwaka 1951, kwa maana huko ndiko nilikokuta mtu wa kunisuta.

Tuanze na swali. Kampuni ya kwanza duniani kutumia kompyuta kwa kazi za kawaida za biashara (mishahara, maagizo, bei za bidhaa) ilikuwa ipi? Nilipokuwa chuoni historia ya kompyuta tulifundishwa kwa saa moja tu: Babbage, Turing, ENIAC, halafu IBM, halafu mtihani. Kwa hiyo ungeniuliza wakati ule ningesema IBM, au labda benki fulani ya Marekani. Ningekosa. Ilikuwa kampuni ya Uingereza iliyouza chai na keki.

Ndiyo, chai! Mimi niliyezaliwa katikati ya mashamba ya chai, niliyelipiwa karo kwa bonasi ya chai, nimesoma sayansi ya kompyuta miaka minne bila mtu kuniambia kwamba kazi yangu na kazi ya bibi yangu ni ndugu.

Kampuni ya mikahawa

Kampuni yenyewe iliitwa J. Lyons & Co. Mkahawa wake wa kwanza wa chai ulifunguliwa mtaa wa Piccadilly mwaka 1894, na baadaye ikawa na mamia ya mikahawa, viwanda vya mikate na keki, na hata shamba la chai Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Makao makuu yake yalikuwa Cadby Hall, magharibi mwa London.

Sasa fikiria hesabu zake. Mtu anakunywa kikombe kimoja cha chai na kula andazi moja. Faida ya hapo ni senti chache mno. Lakini kila kikombe na kila andazi lazima liandikwe, lijumlishwe, lilipiwe. Ukiwa na mamilioni ya mauzo madogo madogo, gharama ya makarani inaweza kumeza faida yote. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba hukitoboa pia.

Mtu aliyelielewa hilo ni John Simmons, mwanahisabati aliyesoma Cambridge na kuajiriwa na Lyons mwaka 1923. Yeye aliunda ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza kazi za ofisi nyingine: karatasi hii inatoka wapi, inakwenda kwa nani, na je, kuna anayeisoma? Mwaka 1947 wafanyakazi wawili wa Lyons, Raymond Thompson na Oliver Standingford, walitumwa Marekani kutazama mbinu mpya za ofisi. Huko walikutana na Herman Goldstine, mmoja wa watu wa ENIAC, naye akawaambia jambo la ajabu: mnatafuta mbali kilicho karibu, kuna mtu Cambridge anaitwa Maurice Wilkes anajenga mashine ya namna hiyo.

Walirudi, wakamwona Wilkes, na Lyons ikatoa pauni 3,000 pamoja na fundi mmoja kusaidia kazi hiyo. Mashine ya Wilkes, EDSAC, iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Lyons ikaajiri mhandisi, John Pinkerton, ili aunde nyingine kwa mfano huo, lakini ya kazi za ofisi. Wakaiita Lyons Electronic Office. Kwa kifupi: LEO.

Hapo nilicheka peke yangu usiku. Waingereza hawakujua, lakini walikuwa wameipa kompyuta yao jina la Kiswahili. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo!

Ndani ya LEO

LEO ya kwanza ilikuwa na vali karibu 6,000, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za mababu zetu. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija ya zebaki. Namna ilivyofanya kazi: umeme unageuzwa kuwa mlio, mlio unasafiri ndani ya zebaki hadi mwisho wa mrija, unageuzwa tena kuwa umeme, unarudishwa mwanzo. Habari ilikaa kwa sababu ilikuwa ikizunguka bila kusimama, kama mtu anayerudia namba ya simu mdomoni ili asiisahau kabla ya kupata kalamu.

Kumbukumbu hiyo ilibeba maneno 2,048 ya biti 17 kila moja. Piga hesabu, haifiki kilobaiti 5. Makala haya unayoyasoma yangehitaji LEO karibu tatu ili yatoshe! Na humo ndani ilibidi iingie programu pamoja na data ya kazi iliyokuwa ikifanyika.

Usisahau pesa za Uingereza za wakati ule. Peni 12 kufanya shilingi moja, shilingi 20 kufanya pauni moja. Huku kwetu shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100 tangu mwanzo wa miaka ya 1920. Waingereza wenyewe walingoja hadi Februari 1971 kuanza kuhesabu kwa mia. Kwa hiyo waandishi wa programu wa LEO, katika kilobaiti hizo chache, walilazimika pia kufundisha mashine kubeba peni na shilingi.

Kazi ya kwanza ya kweli ilianza Novemba 1951: kukadiria kila wiki thamani ya mikate, keki na pai zilizotoka viwandani kwenda kwa wauzaji. Kazi ya mishahara ilichukua muda zaidi, na sababu yake ndiyo iliyonigusa. Mashine iliweza kukokotoa mapema. Wakubwa hawakukubali iachiwe mishahara ya watu mpaka wahakikishe kwamba haitawaangusha siku ya malipo. Mwisho wa 1953 LEO ilianza kukokotoa mishahara sambamba na makarani. Makarani wanapiga zao, LEO inapiga zake, wanalinganisha. Februari 1954 ndipo ilipoachiwa peke yake. Karani mzoefu alitumia dakika 8 kwa mfanyakazi mmoja. LEO ilitumia sekunde 1.5.

Baadaye mwaka huohuo wakaja na kazi ya mikahawa, na hii kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Kila mkahawa ulikuwa na agizo lake la kawaida la kila siku. Zamani msimamizi wa mkahawa alijaza fomu ndefu ya kila kitu. Sasa alipigiwa simu kila siku na akataja mabadiliko tu: niongezeeni mikate kadhaa, nipunguzieni keki za aina fulani. Msichana aliyekuwa upande wa pili wa simu alikuwa akitoboa kadi palepale huku akisikiliza. Kadi zikaingia LEO, na LEO ikatoa orodha za kuoka, za kupakia na za kupeleka. Mwenzangu unayeandika programu, unaliona hilo? Usitume upya kila kitu, tuma kilichobadilika. Sisi tunadhani tumelibuni juzi.

Na chai nayo ikaingia. Lyons ilinunua chai kwenye mnada wa London, mafungu kwa mafungu, kila moja na bei na sifa yake, kisha ikachanganya ili ladha ibaki ile ile mwaka mzima. LEO ikapewa hesabu za akiba na mchanganyiko huo. Chai ya Kenya nayo ilikuwa ikiuzwa katika mnada huo huo. Wakati huo hapa Kericho mashamba makubwa ya Brooke Bond na ya African Highlands yalikuwa na umri wa karibu miaka 30, na hesabu ya mchumaji ilikuwa ya mizani, daftari na mdomo wa karani.

Watu waliokuwa nyuma yake

Mashine zinasifiwa, lakini kilichonishika ni watu. Mkuu wa programu alikuwa David Caminer, na alikuwa mkali. Kabla ya kuandika amri yoyote, timu yake ilikwenda kukaa na makarani kujua kazi inavyofanyika kweli, si inavyosemekana inafanyika. Kisha wakachora chati ya mtiririko mzima kwenye karatasi. Kisha mtu mwingine, asiye mwandishi, akaikagua programu mstari kwa mstari. Na ndani ya programu zenyewe waliweka hesabu za kulinganisha: jumla ya vipande lazima ilingane na jumla ya kitu kizima, la sivyo kuna jambo.

Hakuna aliyekuwa na digrii ya kompyuta, maana haikuwepo. Mary Coombs, mwanamke wa kwanza kuandika programu za kompyuta ya biashara, alikuwa amesoma Kifaransa na historia. Alijiunga na timu hiyo mwaka 1952, akafanya kazi kwenye programu ya mishahara, na akajulikana kwa kuyasaka makosa yaliyojificha katika programu za wengine. Aliaga dunia mwaka 2022. Wazee wa LEO wana chama chao kilichokusanya kumbukumbu zao kwa sauti na maandishi, na ukizisoma unaona watu wanaokumbuka majina ya programu za miaka 60 iliyopita kama mtu anavyokumbuka majina ya ng'ombe wake.

LEO I ilizimwa Januari 1965. Kampuni iliyoundwa kuziuza mashine hizo iliungana na English Electric mwaka 1963, na mwaka 1968 English Electric Computers na kampuni nyingine, ICT, zikaunganishwa kuwa ICL. Hilo jina huenda wazazi wenu waliofanya kazi serikalini wanalikumbuka.

Dar es Salaam, 1965 hadi 1974

Kwani hapa kwetu mambo yalikuwaje? Kisa ninachokipenda (au kinachoniuma) kiko kwa majirani zetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, ambayo kwa kweli ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa jina la Kiingereza. Baadaye ikafuata ya jamii ya ICL 1900. Kazi iliyokusudiwa ni ile ile ya LEO: hesabu za fedha.

Haikwenda vizuri. Maandalizi yalikuwa hafifu, wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, na hesabu za serikali zikavurugika badala ya kunyooka. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Marufuku hayo yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Watu wengi wakisikia hayo hucheka: ati nchi nzima ikakataza kompyuta! Mimi siku hizi sicheki. London walikaa miaka kuanzia 1947 hadi 1954 kabla ya kuiamini mashine na mshahara wa mwoka mikate. Tena waliikabidhi kazi ambayo Simmons na watu wake walikuwa wameichunguza kwa zaidi ya miaka 20. Walijua kila karatasi inakoenda. Dar es Salaam walipata mashine kabla ya kupata miaka hiyo 20. Mashine huzidisha ilichokuta. Ikikuta utaratibu huzidisha utaratibu, ikikuta vurugu huzidisha vurugu.

Najua, kwa sababu nimefanya hivyo mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Nukta ya Kogo

Mwaka jana kikundi kimoja cha wakulima wadogo wa chai upande wa kwetu (jina nalihifadhi) kiliniomba niwatengenezee programu ya kupokea majani. Wakulima 140. Kulikuwa na mizani ya kielektroniki, karani, na daftari kubwa. Nikachukua daftari, nikatazama kurasa tatu nne, nikaona: jina, tarehe, kilo. Namba nzima, 17, 22, 9. Nikaunda hifadhidata yangu, safu ya kilo nikaiweka namba nzima. Wiki mbili kazi ikaisha. Tarehe mosi tukaanza, na daftari nikaagiza liwekwe kabatini. Nilijiona mwanaume!

Bibi yangu, Kogo, huuza majani yake hapo. Mwisho wa mwezi wa pili aliniita jikoni, akashusha mkebe wa mafuta ya kupikia anamoweka risiti, na kalenda ya ukutani. Kwenye kalenda, kwa penseli, alikuwa ameandika kila siku kile alichokisoma kwa macho yake kwenye uso wa mizani. 17.6. Risiti ya siku hiyo: 17. Siku nyingine 21.4. Risiti: 21.

"Hii nukta inaenda wapi?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza kwamba mashine haikosei.

"Sijasema mashine," akanijibu. "Nimekuuliza wewe."

Nilikwenda kwa karani. Karani akafungua daftari la zamani na kunionyesha kistari kidogo pembeni mwa namba nyingi. Mimi nilidhani ni alama ya kuthibitisha, kama tiki. Kumbe ndicho kilikuwa nusu kilo. Miaka yote hiyo nusu ilihesabiwa, mpaka nilipokuja mimi na digrii yangu. Sikumuuliza. Nililiangalia daftari, sikumwangalia anayeliandika.

Mbaya zaidi, programu yangu ilikuwa ikikata desimali kabla ya kuhifadhi. Kilo zenye nukta hazikuwepo popote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari nilikuwa nimelifungia kabatini.

Zilienda wapi? Lori lilipimwa kiwandani, na kiwanda kiliwalipa kikundi kwa uzito wa lori. Kwa hiyo akaunti ya kikundi ilikuwa na ziada, na mweka hazina alifurahi akidhani ni baraka. Nilipojumlisha risiti zote za miezi miwili na kulinganisha na uzito wa lori, tofauti ilikuwa kilo 1,064. Kwa shilingi 25 kwa kilo ni shilingi 26,600 za watu walioamka alfajiri kuchuma kwenye umande. Mstari mmoja wa programu, jumla ya risiti dhidi ya jumla ya lori, ungenipigia kelele siku ya kwanza. Caminer asingeruhusu programu itoke bila mstari huo, na yeye alikuwa na kilobaiti 5 tu. Mimi nilikuwa na gigabaiti 8 na sikuona nafasi ya kuuweka.

Tulirudisha. Kwa kila safari ya lori nilichukua tofauti nikaigawa sawa kwa mizigo yote iliyopimwa siku ile. Nilisimama mbele ya mkutano wa wakulima nikaeleza nilichofanya, kwa Kipsigis, bila maneno ya kitaalamu. Mzee mmoja aliuliza kwa nini sikuachia daftari liendelee hata mwezi mmoja sambamba na mashine. Sikuwa na jibu. Mzee yule hajawahi kusikia habari za Lyons.

Siku hizi kilo nazihifadhi kwa gramu. Mwisho wa siku programu inakataa kufunga hesabu kama risiti na lori vimepishana kupita kiasi tulichokubaliana. Na kila mabadiliko makubwa, karani anaendelea na daftari lake mwezi mzima, tukilinganisha kila jioni. Ni polepole. Vijana wenzangu wananicheka.

Najua pia kwamba si kila mtu hapa anaipenda mashine. Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto hapa Kericho, na hasira ile ilikuwa na sababu, kwa kuwa mashine moja inachukua kazi ya mikono mingi. Programu yangu haikumfuta mtu kazi. Lakini kwa miezi miwili ilichukua jasho lao kimyakimya, bila moshi, na kama si penseli ya bibi mmoja ingeendelea kuchukua.

Kabla sijasahau. Kogo kwa kalenda yake alikuwa anadai kilo 8.7. Kwa mgawo wangu alipata 8.1, kwa sababu majani hupoteza maji njiani na lori hufika likiwa jepesi kidogo. Nilimweleza hayo yote kwa uangalifu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Bado nukta sita," akasema.

Nikatoa shilingi 15 mfukoni. Akazihesabu, akachukua penseli, akaandika kwenye kalenda kwamba nimelipa.

Haya wapendwa, tukutane tena mvua ikikatika. Na wewe unayeandika programu ya mishahara au ya maziwa au ya mahindi mahali fulani, kesho asubuhi nenda kamuulize karani wako kile kistari cha pembeni maana yake nini.